Goli linafika kabla halijafungwa

Tarehe 25 Juni 2025 nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la tatu kutoka mbele, banda umiza moja, kibanda cha kulipia kuangalia mpira, la huku Chang'ombe, Chang'ombe ya Dodoma jamani sio ile ya Dar, nimevaa sweta juu ya jezi nyekundu maana mwezi wa sita hapa kwetu jua likishazama upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Simba, ndo timu yangu, na Yanga. Ile mechi iliyotakiwa kuchezwa Machi ikaahirishwa, ikapigwa danadana wee mpaka ikaangukia mwisho kabisa wa msimu na ubingwa wenyewe ukawa unaamuliwa hapohapo, kwahiyo elewa hali ya moyo ya mtu aliyekaa kwenye lile benchi.

Kipindi cha pili Yanga wakapata tuta, penalti yani. Pacome Zouzoua huyo na mpira wake. Banda zima kimya, hata mama wa karanga aliyekuwa anapenya katikati ya magoti ya watu akasimama na sinia lake kichwani akageuka kuangalia. Mimi nishaanza dua. Sasa ndani ya ule ukimya nikasikia nyuma yangu "ting", alafu sauti ya dogo mmoja, wala hajaipaza, anaongea kama mtu anayesoma bei ya sukari: "Tayari huyo. Moja bila."

Kwenye kioo Pacome hajaanza hata kukimbia.

Sijui kama nitaeleza vizuri. Nikawa namwangalia mtu anakuja kufunga goli ambalo nishaambiwa, dua yangu imekatikia njiani, siwezi kuomba akose maana ameshapata, siwezi hata kushtuka. Akapiga, likaingia, na wale watani wetu waliokuwa humo ndani wakashangilia kinyonge kidogo, nadhani na wao walijisikia wameibiwa. Baadae Clement Mzize akaongeza la pili, ubingwa wa nne mfululizo ukaenda Jangwani kwa Yanga, na hilo la pili pia dogo alilitangaza mapema. Mzee mwenye banda alimtoa nje kwa kumshika ukosi wa shati. Alimrudishia jero yake, muungwana yule mzee, ila alimtoa.

Nilimkuta dogo nje nikamuuliza umejuaje. Akanionyesha grupu la WhatsApp, kaka yake yupo kwa Mkapa uwanjani kabisa, anaandika tu namba. Yaani macho ya kaka, kidole, mtandao, ting. Wakati huohuo picha yetu sisi inatoka kwenye kamera, inaenda kwenye gari la matangazo, inapandishwa kwenye setilaiti, inashuka kwenye dishi, king'amuzi nacho kinaifungua taratibu, ndo inafika bandani. Na wenye kuangalia kwa aplikesheni ya simu ndo wa mwisho kabisa, maana huko picha inakatwa vipande vipande na simu yako inajiwekea akiba ya vipande kadhaa kwanza kabla haijaanza kukuonyesha, isije ikakwama. Siku ya dabi ukisimama nje pale mtaani kwetu unaweza kusikia goli linatembea, nakwambia ukweli. Linaanzia kwa kinyozi mwenye redio, linakuja bandani, linamalizikia kule kwenye vyumba vya wanafunzi wanaoangalia kwa simu. Goli moja, shangwe tatu, na wale wa mwisho wanashangilia kitu ambacho kwa kinyozi kimeshaanza kubishaniwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria hili jambo la simu na mpira, maana mimi sio mzee kiviile lakini nimeona pande zote mbili.

Babu yangu mzaa mama alikuwa anakaa Mpwapwa, ana redio ya betri kubwa zile, na betri zikichoka tulikuwa tunaanika juu ya bati zipate nguvu, wa umri wangu mnacheka mnajua nasema nini. Mpira wa Redio Tanzania ulikuwa ibada. Watangazaji wa miaka ile, kina Charles Hilary, Mungu ampumzishe tulimpoteza Mei 2025, walikuwa wanakuchorea uwanja mzima kichwani, upande wa kushoto wa redio yako huku, mpira unaelekea goli la kusini, na wewe umekaa chini ya mwembe na hujawahi hata kuufikiria uwanja wenyewe ukoje. Babu alikuwa anairekebishia redio marefa. Anaibishia kabisa, "hapana hiyo sio faulo," utadhani ameona.

Na betri zilikuwa zinaisha dakika ya 80. Sijui kwanini kila siku dakika ya 80. Hapo ndo kazi imekwisha, mnabaki hivyohivyo mmeshikilia sare mpaka kesho yake basi la kutoka Dodoma mjini lije, na babu alikuwa ananituma nikasimame barabarani nimuulize kondakta. Kondakta akiwa Yanga anakujibu akiwa ameshaning'inia mlangoni gari inaondoka, mradi tu akukatishe maneno. Nimewahi kutembea kutoka barabarani hadi nyumbani na matokeo kichwani nikijua babu anasubiri, alafu nikawa natembea polepole kwa makusudi. Kwa dakika kama kumi hivi mimi peke yangu pale kijijini ndo nilikuwa najua. Raha yake siwezi kuielezea.

Ila sitaki kudanganya watu kwamba zamani ilikuwa peponi. Wachezaji tuliowapenda tulikuwa hatuwajui sura, mchezaji wa Simba nilimwona uso kwa mara ya kwanza kwenye kalenda iliyobandikwa dukani. Gazeti la michezo likifika limeshasomwa na watu kumi na ukurasa wa katikati umefungia maandazi. Uongo nao ulikuwepo, ulikuwa unasafiri kwa miguu tu. Leo hii mtu yupo Kibakwe huko, akiwa na MB kadhaa anaona mazoezi ya timu yake asubuhi, anaona basi linaondoka, anaona kikosi kabla ya mechi, anamkomentia mchezaji na mara mojamoja mchezaji anamwekea kopa. Babu angekufa kwa raha.

Alafu kuna shangazi yangu wa Kondoa. Muuguzi mstaafu, Yanga wa kuzaliwa, na katika maisha yake yote hajawahi kukanyaga banda umiza, na mnajua kwanini, yale mabenchi ni ya wanaume na matusi ya mle ndani sio ya kusikilizwa na mtu na shangazi yake. Miaka yote ile tulikuwa tunajua tu "shangazi ni Yanga" kama unavyojua mtu ana kisukari. Sasa tukafungua grupu la ukoo la WhatsApp, kwa ajili ya michango ya harusi kwa kweli, na hapo ndo tulipomjua huyu mama ni nani. Anajua mifumo, anajua nani ana kadi ngapi za njano, anachambua mechi kwa voisi noti za dakika tatu tatu huku nyuma unasikia kuku. Na sio yeye tu, ukipita kwenye komenti za kurasa za hizi timu, wanawake wamejaa na wanajua mpira na wanatukana vizuri tu, uwanja walionyimwa mtaani wamejichukulia kwenye simu.

Novemba 5 mwaka 2023, Jumapili. Mwenye jezi nyekundu yeyote anaijua hiyo tarehe kama ya msiba. Mpaka mapumziko ilikuwa moja moja, Musonda katangulia kwao, Kibu Denis akasawazisha, na mimi kwa ujinga wangu nikaposti kwenye grupu la ukoo picha ya Kibu na maneno ambayo siyarudii hapa. Kipindi cha pili yakaingia manne. Nzengeli, Aziz Ki, Nzengeli tena, Pacome. Tano kwa moja! Baada ya la tatu nilizima data. Nililala saa mbili usiku kama kuku.

Asubuhi nikawasha, simu ikatetemeka mezani mpaka ikasogea. Meseji 312 kwenye grupu la ukoo pekee, stika za mkono wa vidole vitano za kila aina, kuna mtu kampachika mkono huo mbuzi, kuna mtu kambadilishia marehemu bibi picha ya grupu, hapo admini aliingilia kati. Na katikati ya yote voisi noti ya shangazi, sekunde kumi na moja tu, sauti ya upole kabisa ya muuguzi: "Pole baba. Mmekula vidole vyote vya mkono mmoja, huo mwingine tumewaachia mnawie." Basi. Nilicheka mpaka machozi na bado nilikuwa naumwa tumbo kwa hasira. Siku mbili baadae kocha wetu Robertinho akaondolewa, shangazi akaandika "ndo ameenda kunawa."

Ule ndo utani wa jadi wenyewe, ule tuliourithi, timu moja ya 1935 nyingine ya 1936, na utani una mwenyewe. Shangazi akinisema najua Desemba tutakutana Kondoa nitamsema na mimi na atanipikia. Mtaani vilevile, muuza nyanya wa Majengo akikudhihaki Jumatatu unajua Jumatano unarudi palepale kununua nyanya, kwahiyo hawezi kukuvua nguo kabisa, anakuachia kaptula. Kwenye mtandao yule anayekutukania mama humjui, hana sura, picha yake ni ya simba au chura au gari, na hakuna kesho ya nyanya kati yenu. Nimeona watu wanamfuata mchezaji mpaka kwenye posti ya mtoto wake mchanga wanamuandikia maneno kwa sababu jana alikosa goli. Na hili sio letu peke yetu, Julai 2021 Uingereza walipopoteza fainali ya Euro kwa penalti, wale vijana watatu waliokosa, Rashford, Sancho na Saka, walimwagiwa ubaguzi wa rangi kwenye kurasa zao usiku uleule, Saka ana miaka 19, na miezi michache tu nyuma yake klabu za huko zilikuwa zimegoma kuposti chochote wikiendi nzima kupinga mambo hayohayo. Mi kwa kweli tangu hapo nikikuta mtu kaandika tusi la hivyo chini ya posti ya mchezaji wangu, hata kama nakubaliana kwamba kacheza ovyo, najisikia aibu kama nimemkuta ndugu yangu anakojoa barabarani.

Mtandao wa X, ile Twitter ya zamani, ulipofungwa hapa nchini Mei 2025 kuna waliodhani kelele zitapungua. Wapi. Zilihamia Insta na kwenye magrupu, na wengine nasikia walibaki palepale kwa njia wanazozijua wenyewe.

Kitu kingine ambacho nadhani ni chetu kabisa, sijui kama nchi nyingine wanacho namna hii, ni wasemaji. Zamani msemaji wa klabu alikuwa mtu wa kusoma taarifa. Sasa hivi msemaji ni staa, ana mashabiki wake, akinyoa ni habari. Haji Manara alipotoka Simba akaenda Yanga mwaka 2021 ilizungumzwa kuliko usajili wa mshambuliaji, na leo Ahmed Ally wa kwetu na Ali Kamwe wa kule wiki nzima ya dabi wanarushiana vijembe kwenye Insta mpaka unajikuta mechi yenyewe ni kama sehemu ya pili ya tamthilia. Napenda, sikatai. Lakini nikijiangalia, kuna wiki nimesikiliza maneno ya Ahmed Ally kwa saa nyingi kuliko dakika nilizoangalia mpira, na siku ya mechi yenyewe nimechoka kabla refa hajapuliza.

Na dirisha la usajili, ah. Julai hapa watu hawalali, utambulisho unatoka saa sita usiku, wenye Arsenal na Manchester wao wanamsubiri Mtaliano wao Fabrizio Romano, sisi tunasubiri kurasa za klabu, na katikati hapo kuna kurasa elfu moja zenye nembo za klabu ambazo sio za klabu. Ngoja nijishitaki mwenyewe. Dirisha moja hapa katikati nilitumiwa picha ya winga mmoja kutoka Afrika Magharibi ameshika jezi yetu, anatabasamu, nyuma yake kuna bango la mdhamini, kila kitu kimekaa. Nikaifowadi kwenye magrupu matano. Nikabishana siku mbili. Nikaweka dau kreti la soda na fundi baiskeli wa pale kijiweni kwetu Yanga lialia, nikamwambia huyu mtu yupo hotelini Dar nina mtu wangu pale, sina mtu yeyote. Fundi akachukua simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole vyake vyenye grisi, akaniuliza taratibu, "Kaka, winga wako ana vidole vingapi?" Sita. Mkono wa kulia sita. Akili mnemba imemtengeneza mtu na kumpa kidole cha nyongeza na mimi nimekiangalia siku mbili sijakiona. Kuanzia tano mpaka sita, sisi na vidole hatupatani. Soda nililipa.

Ila nguvu ya haya mambo niliiona vizuri tarehe 8 Machi 2025, ile dabi iliyoahirishwa. Jirani yangu alikuwa kwenye treni ya SGR anaelekea Dar kuangalia mpira, maana tangu treni ianze kufika Dodoma 2024 watu wa huku tumegeuka wa kwa Mkapa, zamani basi lilikuwa linakula siku nzima. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walishatoa taarifa kwamba hawatacheza, wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, Yanga wao wanasema wanakuja uwanjani kama kawaida. Sitaki kuingia nani alikosea, hapa nitapoteza marafiki. Jirani anasema behewa zima ni nyekundu, kijani na njano, kila mtu ameinamia simu, barua juu ya barua, taarifa kwa umma, yenye muhuri na isiyo na muhuri. Sasa kule upande wa Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, mtandao unakata, giza. Anasema ndo sehemu pekee ya safari watu walipoongea. Mzee mmoja wa Yanga akawagawia watu wa Simba mayai ya kuchemsha. Wakitoka handaki, simu zote ting ting ting kwa pamoja, kila mtu anainama, wakiingia tena wanaendelea na mayai. Siku hiyohiyo Bodi ya Ligi ikatangaza mechi haipo. Jirani alikuwa ameshafika Morogoro au ameshaipita hakumbuki, anachokumbuka ni kwamba behewa zima lilijua kwa sekunde moja, hakuna aliyemwambia mwenzake, mtu aligeuka kusema akakuta wote wameshajua.

Hiyo ndo inayonishangaza mimi. Kumwambia mtu matokeo ilikuwa zawadi. Siku hizi humuambii mtu kitu.

Na sisemi mashabiki hawajapata kitu kwenye huu mchezo. Aprili 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zilitangaza ligi yao ya kujifungia, ndani ya siku mbili tu klabu zote sita za Uingereza zikakimbia, na sehemu kubwa ni watu walioandika na kuposti na kwenda kusimama nje ya viwanja. Enzi za babu mngepata habari hiyo gazetini mwezi umeshapita na ligi imeshaanza.

Sasa niwape ya hapa kwetu uwanja wa Jamhuri. Dodoma Jiji, walima zabibu, wapo Ligi Kuu tangu msimu wa 2020/21, na mimi huwa naenda hata mechi ambazo sio za Simba wala Yanga kuja kujaza uwanja, zile za jua la saa kumi ambapo unachagua pa kukaa na unamsikia kocha anavyofoka. Mechi moja hivi, mbele yangu kuna kijana kaupa uwanja mgongo, kanyanyua simu juu, anajirekodi anaongea na watu wake wa TikTok, ametabasamu, na nyuma yake timu inapanda na mpira. Watu tunamwambia dogo kaa chini, geuka, hasikii. Goli likafungwa nyuma ya kisogo chake. Akashtukia kelele, akageuka, tayari watu wanakumbatiana. Nikamcheka sana, nikamwambia umelipa kiingilio kuangalia uso wako.

Jioni ile klipu yake ilikuwa kwenye kila simu ya mji huu. Uso wake umejaa, anaongea upuuzi, na juu ya bega lake la kushoto goli lote limeonekana, krosi, kichwa, nyavu, alafu sura yake anavyoshtuka. Mimi niliyekuwa na macho yangu nilikuwa nawaambia watu ni shuti la mguu wa kulia. Nilikuwa na uhakika. Ilibidi niitazame klipu ya yule yule niliyemcheka ndo nikajua goli nililoliona lilifungwa kwa kichwa.

Ya mikeka, yani kubeti, sitaongea sana maana nitakosa wa kukaa nao. Ila kuna vijana sasa wanaingia bandani hawaangalii kioo, wanaangalia zile namba za laivu za mechi nane kwa mpigo, Uturuki, Brazili, wanawake wa Denmark, na ukimuuliza hapa nani anacheza anakwambia "kona zimefika ngapi?" Mkeka ukichanika anaondoka dakika ya 30 na mpira haujaisha. Hao sijui niwaite mashabiki au wahasibu.

Turudi bandani. Baada ya yale ya Juni mzee aliandika kwenye boksi la majani ya chai kwa makaa: SIMU MFUKONI. GOLI TUTALIONA WOTE. Akaweka na beseni la bluu mlangoni kwa wasioaminika. Wiki ya kwanza watu walinung'unika, ya pili wakazoea, na nakwambia ukweli kelele za mle ndani zilirudi kuwa kelele, penalti ikiwekwa unasikia mtu anapumua. Kisha mzee akajiharibia mwenyewe, hakumpenda mtangazaji wa kwenye runinga, akapunguza sauti akawasha redio. Redio ikawa inatangulia picha. Wakamtishia kumweka kwenye beseni na yeye.

Mwezi uliopita, mechi ya ligi, Simba tunahitaji pointi, tupo sare, dakika ya 80. Msicheke, ni dakika ya 80 kweli. Umeme ukakatika. Mtaa mzima giza, redio ya mzee nayo ni ya kuchomeka ukutani. Kila mtu anakumbuka simu yake ipo mfukoni, bando hana, mwingine chaji hana. Mwenye bando ni mmoja tu, dogo yule wa ting, ambaye mzee alishamsamehe ila anamkalisha benchi la mwisho karibu na beseni. Basi benchi la mwisho likawa la kwanza. Watu kama ishirini tumemzunguka mtoto mmoja mwenye simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, mzee mwenyewe kamuinulia kwa mkono ile simu ili nyuma waone, picha inazunguka, inakwama, inaruka, mchezaji anakuwa miraba miraba, hakuna aliyelalamika kwamba tupo nyuma ya wenzetu.

Dakika ya 88 bando likaisha.

Dogo akasema "limekata" kwa ile sauti yake ya bei ya sukari. Tukabaki kwenye giza. Mtu akauliza nani ana vocha, hakuna aliyejibu. Mama wa karanga akakaa kwenye kona ya benchi, mara ya kwanza namwona amekaa. Upepo unapiga turubai. Ikapita dakika, zikapita mbili, hakuna aliyeondoka.

Kisha kelele zikalipuka huko mbali, upande wa barabara kuu. Kelele kubwa. Mzee akaishusha ile simu taratibu, tukaanza kuangaliana sura tusizoziona.

"Hizo za nani?" akauliza.